Hoteli ya Juu na Hoteli ya Chini

Bwiza, Bujumbura
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua umeitikia kwa mdomo wa pembeni, lakini umeitikia. Jumapili iliyopita ulinikatia simu katikati ya sentensi. Jumatatu hukupokea. Jumanne akapokea Kaka Gervas, akasema eti umelala, na ilikuwa hata saa mbili usiku haijafika, wewe ambaye huendi kitandani mpaka usikie taarifa ya habari hadi michezo. Basi nimeamua kuandika, maana karatasi haina kitufe cha kukatia.

Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyoituma bado ipo, au umeshaigawa kwa majirani kama kawaida yako? Na kifua cha Babu? Mimi afya ninayo na chakula nakula, ila usingizi sipati vizuri na wala sikai mahali nikatulia. Hata barua hii nimeianza mara tatu. Mara naona nguo zinaloa nje, mara naenda kuangalia maharage, na nikifika jikoni nakuta maharage yenyewe sijayabandika.

Mvua za huku mwaka huu hazina simile. Kule Buterere, ukingoni mwa jiji kwenye mashamba ya mpunga, maji yameingia majumbani. Mama anayetupikia chai shuleni alikuja na godoro kichwani, akaomba alianike kwenye veranda ya walimu, tukasahihisha madaftari tumelizunguka. Petroli nayo imekuwa ya kutafuta kwa tochi. Mabasi ni machache, foleni ya kuyasubiri ni ndefu kuliko safari yenyewe, kwa hiyo napanda kwa miguu kutoka huku Bwiza hadi shuleni Gihosha, kilima chote kile, na jioni nashuka. Ukiniona miguu utasema nimejiunga na jeshi. Lakini kutembea kunanisaidia, kwa sababu nikikaa nawaza.

Sasa tuingie kwenye lile ulilolikatia simu. Ulisema, "Mwanangu haombwi hotelini," ukakata. Sikupata nafasi ya kueleza. Kaa chini, nyoosha mguu, usome mpaka mwisho, halafu ukitaka kukasirika ukasirike ukiwa umeelewa.

Désiré unamfahamu kwa simu ya video, yule uliyesema masikio yake ni ya mtu mpole. Anatengeneza mashine za meli za mizigo pale bandarini. Baba yake ana ugonjwa wa figo, kila wiki wanamsafisha damu hospitali, na madaktari wamemkataza safari ndefu. Alitaka kuja mwenyewe Morogoro kukuona. Alishaanza hata kuuliza habari za barabara. Walipomkatalia alinuna kama mtoto, na hadi leo akiniona ananiomba radhi. Ndiyo sababu haiwezekani waje kwako, Mama. Wala si dharau.

Huku mchumba haombwi kwa mshenga na barua kama kwetu. Ukoo mzima wa mwanamume unakuja na vinywaji hadi nyumbani kwa msichana. Upande wa msichana umeshakaa unawasubiri, na unajifanya haujui wamefuata nini. Kila upande una msemaji wake. Kazi ya msemaji wa msichana ni kuwatoa wageni jasho: mbona mmechelewa, nyinyi ni kina nani, mnatafuta ng'ombe aliyepotea au mmekuja kuomba moto? Watu wanacheka mpaka wanafuta macho. Msichana mwenyewe haonekani, yuko chumba cha nyuma na mlango umerudishwa. Mwishoni msemaji wake anageuka kwa mzazi, anainama, anamuuliza sikioni: tumtoe au tusimtoe? Mzazi akisema ndiyo, mlango unafunguliwa.

Yote hayo yanataka yafanyike kwa kina msichana. Na mimi huku kwetu ni wapi? Nina chumba kimoja cha kupanga, kitanda, meza ya kusahihishia, na ukigeuka vibaya umejigonga. Mwenye nyumba ni Mzee Rajabu, fundi wa magari, mtu wa Bwiza tangu kuzaliwa, na ua wake ndiyo gereji. Alinipa huo ua kwa moyo mmoja. Lakini tangu petroli iadimike watu wamemwachia magari yao humo, yamebanana mpaka kuku wanapita juu ya maboneti. Hapo ukoo wa watu ungekaa wapi, kwenye buti?

Ndipo akaingia Shangazi Spes. Ni dada wa baba yake Désiré, mtumishi wa serikali, mwanamke mrefu mwenye miwani ya mnyororo, na sherehe zote za ukoo ule huzisimamia yeye. Aliniita kwake Gihosha, akanimiminia chai, akasema, "Editha, ile siku ni kwenu. Sisi tutakuja kama wageni tu. Salle, ule ukumbi, tutaisaidia sisi, lakini kuchagua ni wewe. Iko hoteli mbili za zamani, zote ni za heshima. Tuende tuzione zote, halafu we utatuambia. Lakini usichelewe, bébé, kuna harusi mingi."

Mama, hizi si gesti. Futa kabisa kichwani ile picha ya mlango wa taa nyekundu pale nyuma ya stendi. Ni majumba yaliyojengwa enzi za Wabelgiji, walikofikia mabalozi na marais, na watu wa huku wakitaka jambo liwe na uzito hulipeleka pale. Majina yake ni ya Kifaransa na hayatakukaa kichwani, kwa hiyo nitaziita tu hoteli ya juu na hoteli ya chini, kwa kuwa mji huu wote umeteremka kuelekea ziwani.

Tulianza na ya chini, Jumapili ile ile saa chache baada ya wewe kukata simu, na Désiré alikuwa ameshamwambia shangazi yake. Iko ufukweni, nyeupe, ina bustani ambayo ukisimama mwanzoni mtu aliye mwisho humtambui. Nyasi zimekatwa, maua yamepangwa, korongo wenye taji wanatembea kama ndio wenye hoteli. Jioni wafanyakazi hufunga mnyororo na kuwaomba wageni waondoke kwenye nyasi, maana viboko hutoka majini kuja kula. Désiré aliuliza kama kiboko naye atahesabiwa upande wa bibi arusi au bwana arusi. Nilicheka. Siku ile nilikuwa bado nacheka.

Mama mmoja wa hoteli, mwenye suti ya kijani, alitutembeza. Alionyesha mahali pa mahema mawili makubwa, moja la wageni na moja la upande wetu, muziki katikati, na viti vyeupe vingi vya kufunikwa kwa kitambaa. Désiré akaenda kuangalia sehemu ya kuegeshea magari. Shangazi Spes na yule mama wakabaki wakizungumza Kirundi, kwa sauti ya kawaida kabisa, mimi niko hapo hapo pembeni.

Unajua kosa lao? Walijua mimi ni mtu wa Morogoro, mwalimu wa Kiswahili. Désiré anajua kwamba sisi ni Waha na kwamba baba alihamishiwa Morogoro na reli, lakini shangazi yake hakuwahi kuuliza wala kuambiwa. Hakujua kwamba Kiha ndiyo lugha uliyotupigia nayo kelele jikoni tangu tunatambaa, na kwamba Kiha na Kirundi vinatofautiana kidogo sana. Nilisikia kila neno.

Alisema hivi: "Mama yake hatakuja. Ni mjane, na amekasirika. Ndiyo maana naitaka hii. Bustani ni pana, hakuna atakayegundua nani hayupo. Nitawaleta wamama wa kwaya yangu wajaze hema la kwao, na mmoja nitamvalisha vizuri akae kwenye kiti cha mama."

Yule wa suti ya kijani akasema ni sawa, wengi hufanya hivyo.

Niligeuka nikajifanya naangalia ziwa. Ni ziwa lile lile ulilochotea maji ukiwa msichana kule Kigoma, nimetumia miaka miwili nikiliangalia nikukumbuke, na siku ile sikuliona. Masikio yalikuwa yanawaka moto. Nilitaka kumgeukia nimwambie kwa Kiha chako kile cha jikoni, kile cha siku Gervas alipovunja chungu. Sikumgeukia. Désiré akarudi akauliza nimeipendaje, nikasema nzuri.

Nilipofika nyumbani hasira ilishuka, likabaki jambo baya zaidi. Nilianza kuona kwamba wazo lake ni zuri. Usinielewe vibaya. Nilimwona kichwani mwangu yule mama wa kwaya amevaa kitambaa chepesi cha kufunga begani kama wafanyavyo huku siku za sherehe. Nikaona msemaji akiinama, naye akitabasamu akisema ndiyo, tumtoe. Hangeninunia. Hangekata simu. Picha zingetoka safi, na mtu akiuliza baadaye ningesema ni mama mdogo. Nilikaa na wazo hilo, Mama, nikalifuta, nikalirudia. Siku tatu nilikuwa wa hoteli ya chini kabisa, nilishaanza hata kufikiria rangi ya maua.

Lakini mwili haukutulia. Nilikuwa nikianza kusahihisha nasimama. Darasani nilimpigia kelele mtoto aliyeuliza swali zuri. Jumanne baada ya shule, badala ya kushuka Bwiza, nilijikuta nimeteremka hadi kule ufukweni peke yangu. Nikakaa kwenye kiti kimoja cha bustani, nikaagiza soda, sikuinywa. Nilikuwa nahesabu umbali kutoka hema hadi hema, nikijiuliza: kutoka pale mtu ataona uso wa mama? Hataona. Ataona nguo tu. Nilipaswa kufurahi. Nikaondoka soda ikiwa imejaa, mhudumu akanifuata akidhani nimeisahau.

Jioni hiyo nilimpitia Mzee Rajabu gereji kumwambia nimechagua. Yeye ndiye atakuwa msemaji wangu. Mke wake amechoka naye, kwa sababu anafanya mazoezi ya hotuba mchana kutwa akiwa chini ya magari, unasikia tu sauti inatoka chini ya Toyota: "Nyinyi wageni, mumetoka wapi?" Ni Muislamu safi, na amekwisha kuniambia kwamba atapokea Fanta, bia zitapokelewa na wengine. Nilimweleza habari ya mama wa kwaya. Nilieleza haraka haraka, kama kitu kidogo.

Alijitoa chini ya gari, akakaa na koti lake la mafuta, akafuta mikono.

"We sikia, mutoto," akasema. "Mi najua kusema. Ile siku nitawatoa jasho, watasahau hata majina yao. Kwaya ikuje, ijaze viti, sina shida, harusi ni watu. Lakini pale mwisho, pale ninainama kuuliza muzazi, pale siongopi. Ule ni mama ya nani? Mi nikimuuliza tumutoe, yeye anamutoa nani? Apana. Utafute musemaji mwingine kwa ile kipande."

Nikamwambia huku hufanyika, hata hoteli wamesema wengi hufanya.

"Wafanye," akasema. "Mi wallahi sitafanya." Akarudi chini ya gari. Sikusikia tena hotuba siku ile, nilisikia nyundo tu.

Nilimchukia kwa dakika kadhaa, nakwambia ukweli. Nilirudi chumbani nikalia, sikujua nalilia nini hasa, nikachukua simu nikakupigia, na ndiyo ile siku Kaka Gervas aliposema umelala.

Hoteli ya juu tulikwenda Alhamisi. Sikutaka hata kwenda, nilikwenda kwa adabu. Iko katikati ya mji, kwenye barabara yenye miti mikubwa, jengo la ghorofa lenye veranda ndefu na sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa mpaka inang'aa. Ndani kuna mbao nyeusi kila mahali, na lifti ya zamani yenye mlango wa nondo ambayo sasa wanaifunga na kuweka ndani yake chungu cha maua. Hakuna bustani. Kuna ukumbi mmoja wa chini, si mkubwa, na nyuma yake chumba kidogo chenye mlango wa vioo vya rangi. Msimamizi wake, mwanamke mfupi mchangamfu, alituonyesha jinsi wanavyopanga: mstari huu wa viti na mstari ule, vinatazamana, katikati ni nafasi ya watu kupita tu.

"Hapa watu wanaonana macho," alisema.

Shangazi Spes akashusha miwani, akamwambia kwa Kirundi: "Ndiyo ubaya wake. Kiti cha mama kitakuwa hapa mbele, usoni mwa kila mtu. Kaka yangu ni mgonjwa lakini si kipofu. Ataona mara moja kwamba tumemwekea mtu wa kuazima."

Sijui niliupata wapi ujasiri. Nilimwambia, "Masenge, ndumva." Shangazi, nasikia. Kwa Kiha chetu, kwa lafudhi yako.

Mama, yule mwanamke alikaa. Alikaa kwenye kiti cha kwanza alichokikuta, mkoba mapajani. Yule msimamizi mfupi akakumbuka ghafla ana kazi mapokezi. Désiré alikuwa ameegemea mlango, akafunika mdomo kwa mkono. Shangazi akauliza, kwa Kirundi sasa, kama nilisikia na kule ziwani. Nikamwambia kila neno. Nilidhani atakasirika, au ataomba radhi kama watu wa ofisini, kwa Kifaransa kirefu. Hakufanya hivyo. Alianza kucheka, akacheka mpaka miwani ikaanguka kifuani, na kicheko kikageuka njiani.

Akanivuta nikae karibu naye. Akaniambia kwa Kiswahili, labda alitaka Kiswahili kwa kuwa si lugha ya machungu yake: "Mi pia waliniomba na mama wa kuazima. Ilikuwa ile miaka ya vita. Watu wangu walikuwa hawako tena, ni huyu kaka yangu tu alibaki, na yeye alikuwa kijana. Walinitafutia mama mumoja wa parokia. Alikaa vizuri, alivaa vizuri, alisema ndiyo vizuri sana. Mpaka leo nikimukuta soko tunasalimiana kama watu tu. Hakuna kitu." Akaugeuza mkoba mapajani. "Nilitaka viti vijae, Editha. Mi najua kiti kitupu kinauma namna gani. Sikutaka kikuume."

Nikamwambia, "Lakini wangu hajafa, Shangazi."

Akasema, "Ndiyo. Wako iko muzima. Anakata tu simu." Akachukua kitambaa akafuta miwani, akaivaa, akawa tena mwenyekiti wa kamati. "Bon. Sasa chagua, na uchague kama mutu mwenye mama."

Ndipo nilipochagua, na hiyo ndiyo habari yenyewe. Nimechagua hoteli ya juu. Désiré ameipenda kwa sababu baba yake atakaa karibu bila kupita kwenye nyasi. Mzee Rajabu ameipenda kwa sababu sauti yake itagonga kuta. Mimi sijaipenda, Mama, inanitisha. Kila nikipita ile barabara naangalia pembeni. Nimeichagua kwa sababu pale huwezi kufichwa.

Sasa nikuambie ninachofikiri, uninyamazie mpaka nimalize. Sidhani ni hoteli iliyokukera. Nadhani tangu Baba aondoke hujawahi kukaa mbele za watu kama mzazi peke yako. Kwenye kipaimara cha mtoto wa Gervas ulisema goti. Kwenye harusi ya binamu ulisema kuku. Yeye ndiye alikuwa anakaa mbele na kusema, wewe ukimrekebisha kwa kiwiko, na sasa kiwiko hakina mtu wa kukigusa. Na nadhani unahofia kwamba ukisema ndiyo ugenini, utakuwa umenipa kweli, nibaki huku. Nami nahofia hilo. Nilipokuwa Morogoro nilitaka kuondoka, huku nikisikia treni kwenye redio naongeza sauti. Sijui kukaa. Ninachojua ni kwamba nampenda mtu huyu na nimechoka kuzunguka peke yangu kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Jambo lenyewe ni Jumamosi ya pili baada ya Pasaka. Kaka Gervas atakuleta, hilo nimeshamwambia, alikubali kabla sijamaliza kusema, na nakuomba usimgombeze. Njooni kwa treni hadi Kigoma, mtalala kwa Mama Mdogo, amekwisha kufua mashuka. Asubuhi mtapanda basi la mpakani, nami nitakuwa upande wa huku nawasubiri. Ukumbi uko chini, hakuna ngazi za kukutesa goti. Kiti nimekijaribu mwenyewe, kina mikono pembeni, unashika na kunyanyuka. Dereva anayekuletea barua hii amebeba pia kifurushi, ndani yake kuna kile kitambaa chepesi cha kufunga begani. Rangi ni ya kahawia iliyokolea, kwa sababu najua utasema nyekundu ni ya wasichana.

Nisalimie Babu, umwambie tumbaku yake nimeikataa na nitaendelea kuikataa. Nisalimie Wifi, mke wa Kaka Gervas, na umpe pole ya wale watoto wake watatu, hasa yule wa kati. Nisalimie jirani yetu wa mashine ya kusaga, Bibi wa nyumba ya kona anayekuletea mboga, na Katekista aliyenifundisha kusoma. Mwambie watoto wa Gihosha wananisumbua kama nilivyomsumbua yeye. Désiré anakusalimu, anasema shikamoo, na ameisema vizuri, nimemfundisha mwenyewe. Baba yake anasema atavumilia wiki yake ya hospitali kwa furaha akijua anakwenda kukutana na wewe.

Wamama wa kwaya watakuja, watajaza mstari wetu, watatuimbia. Lakini kiti cha mbele nimekataza mtu asikikalie. Nilimuuliza Mzee Rajabu itakuwaje usipofika. Akasema atainama vilevile mbele ya kiti, atasubiri, halafu atasimama awaambie wageni kwamba mama bado hajasema, wanywe soda zao warudi nyumbani. Shangazi Spes alisikia, na hakubisha.

Mimi nitakuwa chumba cha nyuma, nimevaa tayari, sikio mlangoni. Sitatoka kwa neno la mtu mwingine. Njoo, Mama. Hata kama ni kukataa, njoo ukatae mwenyewe, nikusikie.

Mwanao,
Editha